Mashati Matatu Yaliyopungua

Januari ya mwaka 1995, kabla shule hazijafunguliwa, Kathini aliamka kila siku saa kumi na mbili, akafagia mabaki ya vitambaa na kutia makaa kwenye pasi. Kisha mama yake, Kalekye, aliomba kwa ufupi, "Bwana, ibariki mikono yetu," na sebule yao ya Makongeni ikageuka karakana. Mjomba Muoki alikata vitambaa mezani. Mama na jirani yao Wacera walishona kwa vyerehani. Anti Amino, aliyeajiriwa wiki mbili tu zilizopita, alikaa dirishani akizungushia uzi matundu ya vifungo kwa mkono. Kathini, mwenye miaka kumi na miwili, alitia vifungo, akakunja na kuhesabu.

Wiki hiyo shule moja ya jirani ilikuwa imeagiza mashati tisini. Yasipofika yote Jumamosi kabla ya adhuhuri, kazi ya mwaka mzima ingepewa fundi mwingine. Kathini alijua maana yake. Kabla ya kupata cherehani, mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda kusimama kwenye malango ya viwanda, akingoja kuchaguliwa kuwa kibarua. Siku nyingi alirudi bila kuchaguliwa.

Jumanne jioni, Anti Amino alipokwisha kuondoka, Kathini alihesabu mashati yaliyoshonwa. Yalipaswa kuwa arobaini. Yalikuwa thelathini na saba. Akahesabu tena. Thelathini na saba. Jumatano asubuhi, ajabu, yalikuwa arobaini kamili.

Moyo haukutulia. Alikwenda bombani kuteka maji, akamkuta Shiku, binti wa Wacera.

"Sasa, Kathini! Mbona uso umekunjamana kama shati lisilopigwa pasi?"

Kathini akamweleza. Shiku akapiga mluzi.

"Si ni huyo mgeni wenu? Kikulacho ki nguoni mwako, msichana!"

"Lakini asubuhi yamerudi yote."

"Anampelekea fundi mwingine aige mshono. Mimi ningemchunga kama paka anavyomchunga panya."

Tangu hapo kila alichofanya Anti Amino kilionekana kimepinda. Kwa nini alikaa dirishani? Kwa nini hakuongea? Na kwa nini rundo la mashati lilisimama mbele yake peke yake? Mjomba Muoki alikuwa amekwisha kukata yote tisini, akajipiga kifua. "Mimi ni gari moshi! Nani ataniweza?" Ila mashati yalipofika kwa Amino, yalikwama.

"Mvivu huyu," Kathini alijiambia. Akachukua saa ndogo ya mezani na karatasi, akajificha nyuma ya vitambaa vilivyotundikwa. Tundu la kwanza, dakika saba. La pili, saba. La tatu, saba. Amino hakuinua kichwa hata nzi alipotua shavuni mwake. Kathini alikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Hilo silo jibu alilokuwa akilitafuta.

Jioni Amino alichukua kikapu chake. Kathini akasimama mlangoni.

"Anti, kikapuni mna nini?"

Mama alisimamisha cherehani.

"Kathini!" mama alifoka. "Ni adabu gani hiyo?"

"Mama, jana jioni mashati matatu yalipungua, na asubuhi yakarudi!"

Amino aliweka kikapu chini. Akatoa mashati matatu, uzi na sindano.

"Nayamalizia nyumbani watoto wakishalala," alisema. "Asubuhi nayarudisha. Mama Kathini, niliona rundo linanizidi. Niliogopa mtasema mimi ni mzito, mtafute mwingine."

Kathini alitamani sakafu ipasuke immeze. Mama akamgeukia. "Ulikuwa ukimchunga mchana kutwa. Sema ulichokiona."

Polepole Kathini alitoa karatasi. "Tundu moja ni dakika saba. Shati lina matundu sita, ni dakika arobaini na mbili. Kwa saa saba za kazi, mashati kumi. Hata akijitahidi vipi, hayazidi kumi." Akapiga hesabu kwa vidole. "Na hata akiendelea kubeba matatu nyumbani, Jumamosi mashati ishirini yatakuwa bado."

Wacera alishika kichwa. Mjomba Muoki alikohoa. "Na mimi nilikuwa najisifu kwa mbio zangu!"

"Ndiyo, kaka," mama alisema. "Wasukumaji watatu wa chapati na kikaango kimoja: chapati haziongezeki, unga tu ndio unaokauka. Kosa ni langu niliyepanga kazi. Kuanzia kesho, wewe chukua sindano. Wacera naye, tukimaliza kushona Ijumaa mchana, atawasaidia."

"Mimi mwanamume mzima nitoboe matundu?"

"Mashati utayavaa, matundu yakushinde?" Amino alimjibu, na kwa mara ya kwanza watu wote wakacheka.

Kathini alimsogelea. "Anti, nisamehe. Nilikudhania mwizi."

"Nimekusamehe, mwanangu. Macho yako ni makali. Siku nyingine niulize kabla hujanihukumu."

Alhamisi Amino alimfundisha Mjomba Muoki, ambaye alijichoma kidole mara nne na kulalamika mara arobaini. Rundo lilianza kupungua. Jumamosi saa tano waliyapeleka shuleni, na mwalimu mkuu akahesabu mashati mara mbili. Yalikuwa tisini. Akaagiza na sketi sabini.

Waliporudi, mama alimketisha Kathini kando yake.

"Ile karatasi yako ndiyo iliyotuokoa," alisema. "Lakini uliiandika ili umwangushe mtu, na ilipomtetea ukaificha. Mungu hapendi mizani yenye hila. Kazi ikikwama, mwanangu, pima kazi kwanza, kisha uliza. Usianze kwa kumtafuta mwizi. Mara nyingi anayeonekana kutuchelewesha ndiye aliyebeba mzigo wetu sote."

Nje, Anti Amino alikuwa akielekea kwake. Kikapu kilikuwa kwapani, kitupu.