Herufi Nene za Tamaki

Kila asubuhi Sawako alimpitia Tamaki nyumbani kwao ili waende shule pamoja. Saa hizo mtaa wa Nishijin ulikuwa umeamka zamani. Mitambo ya kufumia hariri iligonga nyumba hadi nyumba, na babu yake Tamaki alikuwa ameshainamia meza, akipaka rangi vijiraba vya karatasi ya nakshi ambayo mfumaji angeifuata. Tamaki alijifunzia hapo. Ila yeye hakuchora maua kama babu. Alichora herufi nene za michezo ya kompyuta, zenye kona kali, kila moja ndani ya miraba minane kwa minane.

"Mbona zako zinasimama wima na zangu zinalala?" Sawako aliuliza, akijaribu kuchora zake pembeni.

"Zako zimeshiba wali," Tamaki akajibu, wakacheka.

Mwezi wa Juni, mvua zilipoanza, pumu ilimbana Tamaki akalazwa hospitali. Alimwachia Sawako daftari lake. "Nitunzie, Sawako. Usimwonyeshe mtu, sijamaliza."

Wiki ileile tangazo lilibandikwa kwenye duka la madaftari. Kampuni ndogo ya michezo ya kompyuta, iliyokuwa juu ya mkahawa wa tambi, ilitafuta herufi nene za kuandikia jina la mchezo mpya. Hata watoto waliruhusiwa kuleta. Jina la mchoraji lingeonekana kwenye kioo cha kompyuta mchezo unapoisha.

Sawako alilisoma mara tatu. Tangu darasa la kwanza, hakuna kazi yake hata moja iliyowahi kutundikwa ukutani. Jioni alifungua daftari la Tamaki, akaanza kunakili.

Aliona kwamba kila herufi iliachiwa safu moja tupu upande wa kulia na mstari mmoja mtupu chini. Akadhani ni uvivu. Akazinenepesha herufi mpaka zikajaza miraba yote, ili zionekane zake. Alipofika kwenye tarakimu alikuwa amechoka, akazinakili kama zilivyo. Juu ya karatasi akaandika jina lake, akaipeleka kwenye kampuni.

Baada ya siku kumi kampuni ilimwita. Darasa zima likajua.

"Nisainie daftari langu sasa hivi," alisema Kengo, jirani yake wa dawati. "Kesho utajifanya hunijui!"

Bwana Nogami, mwenye kampuni, alimkalisha mbele ya kompyuta. Akabonyeza, herufi moja ikatokea, nyeupe na nene. Sawako akatabasamu. Kisha Bwana Nogami akaandika jina zima la mchezo. Herufi zikagandana kama wali ulioungua, hakuna aliyeweza kuzisoma.

"Moja moja ni nzuri," alisema Bwana Nogami polepole. "Zikikaa pamoja, hazina pa kupumulia. Lakini tarakimu hizi umeziachia nafasi sawasawa. Kwa nini huku uliacha na huku ukajaza?"

"Sijui, Bwana Nogami."

"Aliyechora hizi alijua." Akamsogezea penseli. "Haya, nirekebishie hii moja."

Sawako alifuta safu ya mwisho, na herufi ikavunjika mguu. Akajaribu tena, ikavunjika mgongo. Akaiweka penseli chini.

"Si zangu," alisema. "Ni za Tamaki. Yuko hospitali."

Bwana Nogami hakupaza sauti. "Jina lako nilikuwa nimeshaliingiza. Nitalifuta. Babu yake namfahamu, nitazungumza naye mimi mwenyewe. Lakini kumweleza Tamaki ni kazi yako, na uende kabla sijaenda mimi."

Kesho yake Sawako alikwenda hospitali na mama yake. Tamaki alisikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa dirishani.

"Nilitaka tuzimalize pamoja," alisema. "Tuweke majina mawili. Ungeniambia tu."

"Nisamehe, Tamaki."

"Liweke daftari hapo. Nataka kulala."

Vuli ilipofika, Tamaki akiwa amesharudi shuleni, mchezo ukatoka na herufi zake, na jina lake likaonekana mwisho. Darasani walimpigia makofi. Sawako naye alipiga. "Mwizi wa vijiraba," Kengo akamnong'oneza, na wawili nyuma wakacheka. Tamaki alisikia, hakucheka, lakini pia hakugeuka. Siku hizo alimsalimia Sawako kama watu wanavyomsalimia jirani mgeni, akaenda zake na wengine.

Jioni hiyo Sawako alimkuta mama yake akiosha mchele.

"Mama, nilisema ukweli. Mbona bado hanitaki?"

Mama alifunga bomba. "Ulisema ukweli baada ya kushindwa kuuficha. Hata hivyo ulisaidia, maana Tamaki amepata jina lake, na lilikuwa lake tangu mwanzo. Urafiki ni wake pia. Atautoa akitaka, na huenda asitake."

"Sasa nifanye nini?"

"Usimsumbue. Chora zako, hata zikiwa mbaya, uandike jina lako juu yake. Ukichukua kazi ya mwenzako, unaweza kuirudisha kwa siku moja. Lakini alikuachia daftari kwa sababu alikuamini, Sawako. Imani hiyo mimi siwezi kukurudishia, na Bwana Nogami hawezi."

Sawako alisubiri mama aongeze neno la kumfariji. Mama alifungua bomba tena, akaendelea kuosha mchele.