Habari Iliyowaleta Wajomba na Kamba

Siku ya mnada soko la Singida lilikuwa limefurika, na Laurian alikuwa amemziba njia mama Rahabu, muuza asali, akimhoji. Kaptula yake ya kaki ilitiwa wanga mpaka inasimama yenyewe, soksi zimevutwa hadi magotini. Kijana wa Kinampanda huyo, na alijua kwamba anapendeza, jambo linaloharibu wanaume wengi.

"Bei mpya ya karanga uliisikia wapi, mama? Kwa redio ya Boma, kwa mtemi, au kwa jirani?"

"Kwa redio," alisema Rahabu.

"Muulize na mbuzi wake," alidakia msichana aliyekaa kwenye kigoda kando. "Amebaki huyo tu."

Huyo ndiye Redempta, binti Mazengo wa Unyambwa. Gauni la maua ya bluu, kitambaa cheupe kichwani, mikono imetulia mapajani. Naye alikuwa kazini. Serikali ya Mwingereza ilitaka kujua wenyeji wanapashana habari vipi, ikaleta wataalamu wawili ambao hawakupatana hata mezani pa chai. Yule aliyemwajiri Laurian, watu wakimwita Bwana Maswali, aliamini habari hupita kwenye midomo michache mikubwa; ukiijua hiyo, mji umeushika. Mwenzake, Bibi wa Kizungu aliyemwajiri Redempta, aliamini kwamba ukitaka kujua watu wanaambiana nini, kaa nao, nyamaza, tazama wanachofanya.

"Kwa hiyo wewe unalipwa kukaa?" Laurian alimchokoza.

"Na wewe unalipwa kudanganywa. Rahabu hajawahi kusogelea redio ile."

Mvua za kwanza ziliponyesha walikuwa wanapendana waziwazi. Jioni Laurian alimpigia simu kutoka Boma, naye akaipokea nyumbani kwa Bibi.

"Haloo, mpenzi. Unafanya nini?"

"Nimekaa."

"Unanifikiria?"

"Njoo utazame, usiulize."

Basi wangeoana tu kama watu wengine. Lakini Bwana Maswali akataka jaribio: itungwe habari moja, iachiwe sokoni, ifuatwe mpaka inapoishia. "Chagua habari ambayo watu hawawezi kukaa nayo," alimwambia Laurian. Na yule mpumbavu, akiwa amelewa mapenzi, akamnong'oneza Rahabu: "Mzee Mazengo amepokea ng'ombe wa binti yake. Usimwambie mtu." Aliona ni utani mtamu. Si angemposa tu? Ng'ombe wangekuja baadaye.

Alihesabu midomo, akasahau miguu. Ng'ombe wa binti si wa baba peke yake, na hilo hata mtoto wa Singida analijua. Wajomba wa Redempta wakatoka Kinyangiri, kila mmoja na kamba begani ya kumfunga ng'ombe wa fungu lake. Wakakuta zizi halina kitu.

"Shemeji, umewaficha kwa nani?" aliuliza Simeoni, mkubwa wao.

Mazengo aliapa kwa jina la marehemu mkewe. Hawakumwamini. Wakaondoka bila kunywa hata maji, na tangu siku hiyo mzee akaacha kwenda kanisani, maana kila aliyemsalimia alitazama kwanza zizi.

Rahabu alipobanwa alimtaja aliyempa habari. Jioni simu ikalia.

"Rede wangu, lilikuwa jaribio tu. Ungeona ilivyokimbia! Bwana amefurahi mno."

Kimya.

"Rede? Upo?"

Alikuwepo. Alimwacha abembeleze, ajieleze, mwishowe alie, kisha akaweka simu chini polepole.

"Nitamlipa," alimwambia Bibi. "Na kelele sitapiga."

Alishika njia ya Kinampanda. Akaingia jikoni kwa mama yake Laurian, akampa shikamoo, akapiga magoti penye jiwe la kusagia, akaanza kusaga uwele. Akiulizwa yeye ni nani, anatabasamu na kuendelea kusaga. Majirani hawakuhitaji jibu. Msichana mgeni anayesaga kwa watu ni mkwe wao, na mkwe asiyetolewa ng'ombe ni aibu ya ukoo. Wazee wakamwandama Melkizedeki, baba yake Laurian, hata akakosa pa kukaa. Redempta alipoona mifugo inachaguliwa, alishukuru kwa chakula akarudi kwao.

Laurian akaitwa, akataja kwao msichana, na ng'ombe wakaswagwa hadi Unyambwa. Nyuma yao alikuja Laurian, soksi zimejaa vumbi, meno yote nje. Alidhani amesamehewa.

Kwa akina Mazengo, binti anayeposwa ndiye huondoa miti ya lango la zizi. Asipoiondoa, ng'ombe wanarudi walikotoka. Wajomba walikuwepo na kamba zao, Rahabu yupo, Bwana Maswali yupo na kofia yake. Redempta alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya lango, kwenye gauni lile lile la maua. Jua likapanda. Ng'ombe wakaanza kulia kwa kiu.

"Fungua basi, mpenzi."

Redempta hakuinuka kigodani.

"Unataka niseme nini?"

Redempta akawatazama wajomba, akamtazama baba yake, kisha akakaza macho kwa Laurian. Meno yakaingia ndani. Kijana akapiga magoti kwenye samadi.

"Wajomba, shikamooni. Mzee Mazengo hakuficha ng'ombe. Habari ile niliitunga mimi. Nilimdanganya mama Rahabu ili bwana wangu aone itafika wapi."

Melkizedeki akatema mate chini. Simeoni akashusha kamba begani, akamgeukia Mazengo. "Shemeji, tunaomba maji ya kunywa."

Mzee alikwenda kuyaleta mwenyewe.

"Mama Rahabu nimemwita mimi," Redempta alimwambia Laurian sasa. "Bwana wako anasema mdomo kama wake ndio unaoushika mji. Jua halitazama kabla Singida nzima haijajua kwamba wewe ni mwongo."

Rahabu alikuwa tayari anakaza khanga kiunoni kwa safari ya sokoni.

Redempta akaondoa miti, ng'ombe wakaingia hadi wa mwisho. Kisha akaingia na kigoda chake, akairudisha mti mmoja mmoja mbele ya uso wa Laurian.

"Hao wameingia. Wewe baki nje."

"Mpaka lini, Rede?"

Redempta alikaa kwenye kigoda chake akimtazama anavyoungua na jua, na moyoni alifurahi, tusidanganyane. Alasiri watu walipotawanyika, alichota maji, akampitishia kata katikati ya miti. Laurian akanywa yote, akarudisha kata, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakuuliza maana yake.