Sarafu ya Siska

Mzee Asparuh Dimov, mtunza sarafu, alikutwa amelala chali kwenye chumba cha sarafu cha makumbusho, kisogo kimepasuka kwa kona ya kabati la chuma. Mtu alikuwa amemfunika koti hadi kidevuni, kama afunikwavyo mtoto.

Koti hilo lilimtisha Inspekta Rumyana Kotseva kuliko damu.

Funguo zilikuwa kwa wawili: Kalina, msaidizi wa marehemu, na Bibi Stoyna, mfagizi, ambaye askari walikwisha kumtia pingu. Alizivuta hata zikalia.

"Wataninyonga, mwanangu?"

"Hawanyongi siku hizi, bibi. Unaweza kuzisoma sarafu hizi?"

"Nizisome? Miwani yangu niliikalia ikavunjika tangu Pasaka. Hata supu naitambua kwa harufu."

Rumyana akazikagua trei. Vishaba vya Warumi, sarafu ndogo kama kucha, vilipangwa kwa miji vilikopigwa chapa. Kwenye trei ya mji wa Siska, kimoja, namba 212, kilikuwa na damu iliyokauka upande wa chini. Daftari la marehemu, la jana jioni, lilisema: "Namba 212: mji haujulikani."

Alikitia kishaba katika mfuko wa ushahidi, akamwita Kalina, akafunga mlango.

"Hii ilianguka kwenye damu. Nani aliiokota?"

"Si huyo bibi? Kuokota ndiyo kazi yake."

"Kuokota, sawa. Lakini imewekwa kwenye trei ya Siska. Mwalimu wako mwenyewe alishindwa kuisoma."

Kalina aliuchukua mfuko, akauinamisha kwenye taa. "Herufi zimelika, ila hapa chini ya mstari unaona mkia wa..."

Akaushusha mfuko. Mkono wake wa pili ulikuwa umeshika jiwe zito la mizani ya kupimia sarafu.

Rumyana hakusogea. "Liweke chini, dada."

Jiwe likagota mezani.

"Nilichukua zile halisi, nikaweka za bandia, za kuyeyusha," Kalina alisema. "Sikuuza hata moja. Nilitaka tu ziwe zangu. Jana mzee akaona mshono ukingoni, akasema atanitaja asubuhi. Nikamsukuma. Zikamwagika... Miaka tisa alinifundisha, Inspekta. Ningeziachaje sakafuni?"

"Na koti?"

"Sakafu ilikuwa baridi."

Ukumbini, pingu zilihama mikono. Bibi Stoyna, akijisugua vifundo vya mikono, alimsogelea binti yule.

"Usivute mikono, mwanangu," akamwambia. "Ukivuta, zinabana zaidi."