Mlango wa Karatasi

Kila asubuhi Kozue alimpitia rafiki yake Shiho, wakaongozana hadi shuleni kama chanda na pete. Walikuwa darasa la sita mjini Kyoto, na kila Jumatano mwalimu wao, Bi Nagase, aliwapeleka kutazama hekalu, kasri au bustani ya kale. Kozue ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi lao.

Jumatano moja ya mvua walikwenda kwenye hekalu lililo karibu na mtaa wao. Wanafunzi walivua viatu na kuacha miavuli mlangoni, lakini Shiho aliingia na wake. Kozue alipomwambia aurudishe, alicheka akasema ni mpya, hataki uchanganyike na mikweche ya wengine.

Wenzao walipotangulia, walibaki wawili tu kwenye ukumbi unaotazama bustani. Shiho alinyoosha mwavuli kumwonyesha mwenzake samaki mkubwa bwawani, na ncha yake ikatoboa mlango wa kando, wa karatasi kama ilivyo kawaida ya majumba ya kale ya huko. Kozue aliudaka mwavuli ili karatasi isizidi kuchanika. Hapo hapo Bi Nagase akatokea.

"Nani kafanya hivi?"

Kozue alimtazama Shiho, akingoja.

"Ni Kozue, Mwalimu," Shiho alisema, macho chini. "Nilimkataza kuuchezea mwavuli wangu."

Shiho angekuwa adui, Kozue angejua la kumjibu, lakini huyu ndiye rafiki aliyemwambia siri zake zote. Alipokana, mwalimu aliutazama mwavuli ulio mkononi mwake, akamvua uongozi na kumwita mama yake.

Jumamosi mama alinunua keki za maharage, wakashika njia kwenda hekaluni kuomba radhi.

"Mama, si mimi niliyetoboa."

"Nakuamini, mwanangu. Lakini kundi lilikuwa lako, na mlango wa watu umeharibika. Nitaomba radhi kwa hilo."

Walipopita nyumba ya kina Shiho, Shiho alikuwa nje, akawasalimu. Kozue akageuza uso. Mama ndiye aliyeeleza wanakokwenda, na Shiho akawafuata kwa mbali.

Hekaluni, mama Kozue alipiga magoti mbele ya mtawa mzee, akainamisha kichwa mpaka sakafuni. Shiho hakuweza kuvumilia.

"Mama, inuka, tafadhali. Ni mimi. Niliogopa."

"Mbona ulinitaja mimi?" Kozue aliuliza.

Shiho alilia kabla ya kujibu. "Nilijua wewe utanisamehe."

Jibu hilo lilimchoma Kozue kuliko uongo wenyewe. Mtawa aliwapa gundi na kipande cha karatasi, wakaziba tundu pamoja, Shiho akipaka gundi, Kozue akishika karatasi.

Jumatatu Shiho alisimama mbele ya darasa akasema yote. Bi Nagase alimrudishia Kozue uongozi, kisha akamwinamia.

"Nami nisamehe, Kozue. Niliutazama mkono wako, sikukusikiliza."

Halafu akaligeukia darasa. "Adhabu huisha, watoto. Ila ukimbebesha mwenzako kosa lako, utakuwa na makosa mawili, na wa kukusaidia kuyabeba umeshamfukuza."

Shiho alimtazama Kozue. Kozue hakutabasamu, ila safari hii hakugeuza uso.