Mpiga Kengele wa Kijitoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alikuwa na kazi moja: kuwasha pasi. Alitia vipande vya mkaa ndani ya pasi ya chuma, akavipuliza mpaka vikawa vyekundu, kisha akampelekea mama yake aliyekuwa ameshaketi mbele ya cherehani. Mama alikuwa fundi wa nguo, na chumba chao cha mbele ndicho kilikuwa mahali pa kazi. Vitambaa vilijaa juu ya meza, juu ya viti, hata juu ya kitanda cha Sindano. Jina hilo la Sindano alipewa na wenzake shuleni, kwa sababu alikuwa mwembamba, binti wa fundi, na ulimi wake ulichoma.

Mama hakuanza kazi bila kusali. Aliweka mikono yake juu ya cherehani na kusema, "Ee Mungu, mikono hii ni yako. Inyooshee kazi yake." Ndipo alipoanza kukanyaga.

Alikuwa fundi hodari, ila alikuwa na kasoro moja. Hakujua kumwambia mtu hapana. Alipokea kazi nyingi kuliko mikono aliyopewa.

"Fundi, gauni langu vipi?" jirani mmoja aliuliza mlangoni asubuhi hiyo.

"Limebaki pindo tu, dada yangu. Njoo kesho."

"Kesho ipi tena? Harusi yenyewe imeshapita, bibi harusi sasa ana mimba!"

Mama akacheka kwa haya. Sindano hakucheka. Alichukua mkoba wake akatoka ameinamisha kichwa. Mtaa mzima ulimwita mama yake Fundi Njoo Kesho, na jina hilo lilimuuma kuliko yeye alivyoweza kusema.

Siku hiyo mwalimu wa darasa aliingia akiwa na furaha.

"Mnauona ule ukuta mpya wa mbele?" alisema. "Tutachora hapo sura ya mwanamke mmoja wa mtaa wetu, halafu tutafanya sherehe ya kumshukuru. Si lazima awe na cheo. Awe tu amefanya jambo lililowasaidia watu. Nani ana mtu?"

Mmoja alimtaja muuguzi wa zahanati. Mwingine alimtaja mama anayewafundisha watu wazima kusoma. Kisha Kasuku, mvulana aliyeketi dawati moja na Sindano na ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akainua mkono.

"Mwalimu, mimi nampendekeza mama yake Sindano. Ametufundisha mtaa mzima uvumilivu!"

Darasa likaangua kicheko. Hata mwalimu aliuma midomo. Sindano alihisi masikio yake yanawaka. Alisimama kabla hajajua atasema nini.

"Mnacheka?" alisema. "Nani kati yenu anajua ni nani anayepiga kengele ya kijitoni?"

Kicheko kikakatika. Kila mtu aliijua kengele hiyo. Ilikuwa ringi ya gari iliyoning'inizwa karibu na kijito, kwenye njia ya mkato iendayo shule. Mvua ikinyesha huko juu, maji yalishuka ghafla kwa kishindo, na mara ringi ile ilianza kulia. Aliyeisikia aliiacha njia ile akazunguka kwa daraja kubwa. Ndiyo maana hakuna aliyemwona mpigaji. Wengi walidhani ni mlinzi wa ofisi ya mtaa.

"Ni mama yangu," Sindano alisema. "Anaamka alfajiri, anakwenda kupiga kengele ili ninyi msife maji. Ndiyo maana nguo zenu zinachelewa."

Kasuku aliangalia chini. "Sikujua, Sindano," alisema. "Nisamehe."

Mwalimu alifuta macho. Walipopiga kura, mikono yote iliinuka. Sindano aliketi bila furaha.

Kwa maana yeye alimjua mpigaji wa kweli. Mvua zilizopita alikuwa amechelewa, akaisikia kengele, akaidharau, akapita njia ya mkato. Maji yalimzoa miguu katikati ya kijito. Aliyemshika ukosi wa shati na kumvuta mpaka ukingoni alikuwa muuza mkaa, mwanamke mnene mwenye kibanda ng'ambo ya pili. Watoto walimwita Bibi Masizi, kwa sababu mikono na nguo zake zilikuwa nyeusi siku zote. Chuma cha kupigia kengele kilikuwa bado kwapani mwake.

"Kengele si wimbo, mwanangu," alimwambia akitweta. "Ukiisikia, zunguka."

"Tafadhali usimwambie mama yangu," Sindano alilia.

"Sitamwambia. Utamwambia mwenyewe. Jambo kama hili halikai tumboni."

Lakini Sindano alilikalisha. Alimwambia mama yake kwamba ameteleza kwenye matope. Shuleni wenzake waliona alama nyeusi za vidole mgongoni mwa shati lake, wakamcheka kwamba amekumbatiwa na Bibi Masizi. Tangu hapo alipomwona yule mama njiani, alivuka upande wa pili.

Jioni mwalimu alipita nyumbani. "Fundi, watoto wamekuchagua," alisema. "Sifa zako tutazisema siku yenyewe." Akaondoka akicheka.

Mama alikaa juu ya kiti kilichojaa vitambaa bila kuviona. "Mimi? Ukutani?" alisema. "Labda ni kwa ajili ya viraka." Kwa muda mrefu alikuwa akiwashonea watoto wa shule sare zilizochanika bila malipo. Hata kaptura ya Kasuku ilikuwa na kiraka chake. "Mwanangu, ni wewe uliyewaambia habari za viraka?"

Sindano alitazama sakafu. "Walikuchagua wote, Mama," alisema.

Kuanzia hapo kila kitu kilimuongezea aibu. Habari za kengele zilivuma mtaani, na watu waliomkaripia mama walianza kuja kwa upole. "Usiharakishe, fundi. Tunajua una mzigo." Mama alishangaa, akamshukuru Mungu kwa kuwalainisha wateja wake. Alitoa sandukuni kitambaa cha buluu alichokitunza miaka mingi, akajishonea gauni la sherehe. Ilikuwa nguo ya kwanza Sindano kumwona akiimaliza kabla ya siku yake.

Muuza mkaa alipoleta mkaa wa pasi, mama alimkimbilia mlangoni.

"Shoga yangu, umesikia? Wananichora ukutani!"

"Hee! Hongera, fundi!" yule mama alisema, akafuta mkono wake kwenye kanga kabla ya kumpa. "Unastahili. Mimi sipiti mitaani sana, habari zinanifikia zimepoa."

Hakujua mama amechaguliwa kwa jambo gani. Aligeuka akamtazama Sindano, akatabasamu. "Na huyu binti yako anaendelea vizuri?"

Sindano alitoa shikamoo kwa sauti ndogo, akaingia ndani. Wakati wa kusali alifumba macho, lakini maneno hayakutoka. Atamwomba Mungu nini? Amsaidie uongo wake usigunduliwe?

Mwishoni mwa juma alikuja mchoraji, dada mmoja mchangamfu mwenye suruali iliyojaa rangi, aliyezoea kuchora mabango ya maduka. Alimweka mama karibu na dirisha akiwa amevaa gauni la buluu, akatoa karatasi na penseli.

"Haya, mama, inua mkono wa kulia juu kidogo," alisema. "Kama unashika kile chuma. Nataka nikuchore pamoja na kengele yako."

"Kengele gani?" mama aliuliza.

Mchoraji alicheka. "Usinifanyie unyenyekevu. Kengele ya kijitoni. Mwalimu amenieleza kila kitu. Binti yako aliwaliza darasa zima."

Mkono wa mama ulishuka taratibu. Alimtazama Sindano, aliyekuwa amesimama mlangoni na pasi mkononi. Sindano alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Dada, naomba utupishe kidogo," mama alimwambia mchoraji. Walipobaki wawili, aliuliza kwa upole, na upole huo ulitisha kuliko fimbo. "Nani anapiga ile kengele?"

"Bibi Masizi."

"Nani?"

"Mama... mama muuza mkaa."

"Umejuaje jambo ambalo mtaa mzima haulijui?"

Ndipo Sindano alipoyatoa yote: kengele aliyoidharau, maji, mkono ulioshika ukosi wake, matope ya uongo, kicheko cha Kasuku. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimvuta, akamshika mgongoni pale pale zilipokuwa alama za vidole vyeusi, kana kwamba anazitafuta.

"Ungekufa," alisema. "Ungekufa, na mwanamke aliyekutoa ananiletea mkaa mlangoni, nami sijamwambia hata ahsante. Na leo nimeivaa heshima yake."

Mama alilia. Sindano hakuwahi kumwona akilia kwa ajili ya jambo alilolifanya yeye.

Waliondoka muda ule ule kwenda kibandani, kwa daraja kubwa. Muuza mkaa alikuwa akijaza gunia. Sindano alipiga magoti akaeleza yote, huku machozi yakimzuia kila mara. Yule mama akatikisa kichwa.

"Mchoreni fundi huyo huyo," alisema. "Mimi nikapande ukutani na mikono hii? Watoto wananiita Masizi. Mnadhani sisikii? Nasikia, mwanangu. Nanyamaza tu."

Kati ya maneno yote Sindano aliyoyasikia siku hiyo, hayo ndiyo yaliyomwingia zaidi.

"Hata mimi nilikuita hivyo," alisema. "Mikono hiyo ndiyo iliyonitoa majini, nami niliionea aibu. Sitakuita hivyo tena. Kubali, mama, ili niwaambie watu ukweli wote."

Muuza mkaa aliliweka gunia chini. "Ukiweza kuwaambia darasani, nitakuja," alisema.

Jumatatu Sindano alisimama mbele ya darasa. Alisema ukweli wote, bila kujipunguzia. Palitokea minong'ono, na mtu mmoja nyuma alisema, "Sindano imepinda!" Wengine wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alimwambia kwamba amevunja moyo wake na kwamba hotuba ya sherehe aliyopangiwa ataitoa mwingine. Yeye atafagia uwanja siku hiyo kabla wageni hawajafika. Sindano aliitikia. Alijua ni haki.

Nyumbani mama alivua lile gauni la buluu akaliweka mapajani mwa bintiye pamoja na wembe.

"Fumua," alisema. "Mama muuza mkaa ni mnene kuliko mimi. Mishono yote ya ubavuni, polepole, usikate kitambaa."

Jioni nzima Sindano alifumua. Uzi ulimkata vidole. Mahali pengine alishawishika kuvuta kwa nguvu, akakumbuka, akaanza upya. Mama aliongeza vipande pembeni na kushona tena, na kwa mara ya pili gauni lile lilikuwa tayari kabla ya siku yake.

Siku ya sherehe uwanja ulikuwa safi kama sahani. Muuza mkaa alikuja amevaa buluu, mikono imesuguliwa mpaka imechubuka, lakini weusi ulibaki kwenye mistari ya viganja. Ukutani mchoraji alikuwa amemchora akiinua chuma mbele ya ringi, mikono yake ikiwa na rangi ile ile ya kila siku. Muuza mkaa alipoiona picha ile, alisimama palepale akajifunika mdomo. Watu walipiga makofi mpaka akaanza kucheka na kulia pamoja. Alipoombwa kuzungumza alisema tu, "Nilimpoteza mdogo wangu kwenye kijito kile. Ndiyo maana napiga." Akaketi.

Mama alikuwa nyuma ya umati, amevaa nguo yake ya zamani. Sindano, aliyesimama karibu na ufagio wake, alimwona akipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Kasuku alimsogelea, akakiangalia kiraka cha kaptura yake, akasema, "Mama yako ndiye aliyenishonea hiki. Bure. Wewe ungesema hili tu, mimi ningempigia kura." Kwa mara ya kwanza hakuwa anatania.

Waliporudi nyumbani Sindano aliuliza, "Mama, hukuona haya? Watu wote walikuwa wanatutazama."

"Niliona," mama alisema. "Haya si ugonjwa, mwanangu. Haya ni Mungu anakugonga begani. Ubaya ni kuikimbia." Alikaa kwenye cherehani, akagusa kitambaa kilichokuwa kikisubiri. "Sikiliza nikufundishe jambo la kazi yangu. Mshono ukienda upande, fundi mjinga anaupiga pasi ili usionekane. Unalala siku moja, kesho yake unavimba tena. Dawa yake ni kufumua. Kufumua kunachosha na kunaaibisha, lakini kitambaa kinabaki kizima. Sifa ya mtu nayo ni hivyo. Usimvue mwenzako ukanivika mimi. Siku nikipanda ukutani, nataka nipande na jambo langu."

"Jambo gani, Mama?"

"Labda siku nikimaliza gauni la mtu siku niliyoahidi."

Wote wawili wakacheka. Mlangoni jirani akachungulia. "Fundi, gauni langu?"

Mama alifungua kinywa, akamtazama bintiye, akakifunga. "Dada yangu, sitakudanganya," alisema. "Kesho haliwezi kuwa tayari. Njoo Ijumaa." Na baada ya jirani kuondoka, alimwambia Sindano, "Washa pasi. Tuna ahadi ya kutimiza."