Chandarua cha Mama Feza

Chandarua kilikuwa kimechomekwa chini ya godoro pande zote nne, na kilichomekwa kutoka ndani.

Rachidi alisimama mlangoni, begi la vitabu begani, akakitazama. Asubuhi alitoka mbio kuwahi somo, akakiacha kinaning'inia kama kawaida yake. Ufunguo wa chumba ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa mfukoni mwake. Sasa pindo lilikuwa limevutwa kwa ndani, mikunjo ikielekea katikati ya kitanda, na hapo katikati shuka lilikuwa limebonyea kidogo, kama paliketi mtu asiye mzito.

Pindo hilo alilishona mama yake. Mama Feza alikizungushia chandarua utepe wa kitenge cha buluu ili kiwe kizito, kwa sababu alijua mtoto wake wa mwisho hulala kama mtu anayepigana. Alimkabidhi siku ya kuondoka Kasongo. Pikipiki hadi Kindu, boti hadi Ubundu, pikipiki tena hadi Kisangani. Sanduku lililowa mvua na nguo zote ndani yake, lakini chandarua kilifika kikavu, maana alikibeba kifuani chini ya shati.

"Eh, Maniema!" Yannick, mwanafunzi wa sheria wa chumba cha pili, aliyemwita kwa jina la mkoa wao, alikuwa akipita na ndoo. "Unaangalia kitanda kama iko na bibi arusi ndani."

"Hakuna mutu."

"Donc ingia, bwana, mbele courant ikatike. Barrage ya umeme iko hapa karibu, na sisi tunakula giza!"

Rachidi alicheka kidogo, akaingia. Alijiambia kwamba labda alikichomeka mwenyewe akasahau. Alikuwa mwanzoni mwa masomo ya master, na siku hizo alikuwa akisahau mambo mengi. Kwenye maabara wenzake walifahamiana tangu miaka ya licence, shahada ya kwanza. Walitaniana kwa Kilingala upesi upesi, naye alicheka wakiwa wameshamaliza kucheka. Jioni alirudi kwa miguu mtaa wa Tshopo alikopanga, akanunua chikwangue, mkate wa muhogo, akala peke yake amekaa ukingoni mwa kitanda.

Baada ya siku chache akaanza kusikia kinu.

Kilisikika saa ya magharibi, wakati watu wa ua ule wako mtoni kuoga au jikoni nje. Mtu alikuwa anatwanga sombe, kisamvu cha kwao. Mapigo matatu, kisha kimya kifupi, mapigo matatu, kisha kimya. Mama Feza alitwanga hivyo tangu alipoanguka na kuvunjika kifundo cha mkono. Kila baada ya mapigo matatu aliupumzisha. Rachidi alitoka nje kutazama. Kinu cha Mama Clémence, mwenye nyumba, kilikuwa kimelazwa ukutani, kikavu, kuku amelala juu yake. Aliporudi chumbani alikuta harufu ya majani mabichi ya muhogo, na moshi wa kuni, na mawese.

Ijumaa baada ya swala alipiga simu nyumbani. Alipokea Mangaza, mama yake mdogo.

"Mama analala, mutoto wangu. Homa kidogo. Soma weye."

Ijumaa iliyofuata Mangaza alisema Mama yuko shambani. Iliyofuata, alisema Mama yuko kwa jirani. Rachidi aliridhika. Siku hiyohiyo, umeme ulipokatika, sauti ilisema kutoka ndani ya chandarua:

"Rachidi. Ulikula?"

Hivyo ndivyo mama yake alivyomsalimia maisha yake yote. Hakuuliza habari za shule wala za safari, aliuliza kama amekula. Ndiyo maana Rachidi alijibu kabla hajapata nafasi ya kuogopa.

"Bado, Mama."

"Njo, basi. Njo ulale."

Aliinua pindo, akaingia. Alilala kwenye harufu ile ya moshi na mawese, na kitu kikapita juu ya paji la uso wake, polepole, kama kiganja. Kilikuwa baridi.

Tangu hapo akawa anawahi kurudi. Kwanza aliacha kubaki maabara baada ya masomo, kisha akaacha maabara kabisa. Chakula cha watu kilimgeukia mdomoni kikawa kama majivu. "Usipige simu tena," sauti ilimwambia. "Niko hapa." Akaacha kupiga. Na jioni moja, amelala macho wazi ndani ya chandarua, akisikiliza kinu kikitwanga kwenye pembe ya chumba ambako hapakuwa na kinu, aligundua kwamba kile kimya kifupi hakikuwapo tena, kwamba mwichi unapanda na kushuka bila kupumzika, kwa mkono mzima, wenye nguvu, usiochoka, mkono ambao haujawahi kuvunjika. Akaligundua hilo, akaelewa maana yake, akavuta shuka mpaka kidevuni na kujifanya hakuligundua.

Mama Clémence ndiye hakukubali kujifanya. Alikuwa mjane, mtu wa jamii za wavuvi wa maporomoko, mwenye sauti ya kuvuka maji. Alasiri moja ya mvua alisukuma mlango bila kubisha.

"Étudiant! Unakuwa mufupa. Uko unasema na nani humu?"

"Na Mama."

Mama Clémence alikitazama chandarua kilichochomekwa. Akashusha sauti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumsikia akifanya.

"Miye niko mukristo. Ningeleta pasteur, lakini weye uko muislamu. Kila mutu na watu wake. Nitakuitia mutu wenu."

Alimtuma Yannick kwa pikipiki hadi mtaa wa Mangobo. Maalim Ramazani alifika amelowa, mzee mwenye macho mekundu na viatu vya mpira. Hakutoa kitabu, hakufukiza kitu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akamuuliza Rachidi swali moja.

"Mama yako iko muzima?"

"Iko."

"Nani alikuambia? Yeye mwenyewe, kwa simu?"

Rachidi aliitazama simu yake.

"Ita nyumbani. Weka sauti, wote tusikie."

Safari hii alimpigia Bilali, kaka yake mkubwa. Simu iliita mara nyingi.

"Bilali, nipe Mama."

Mvua ilipiga bati.

"Bilali!"

"Rachidi..." Sauti ya kaka yake ilikatika. "Uliisha kufanya examens?"

Hapo Rachidi alijua. Katika nchi yao kila familia yenye mwanafunzi wa mbali humficha msiba mpaka amalize mitihani. Yeye mwenyewe aliwahi kusaidia kumficha kijana wa jirani kifo cha baba wa kijana huyo mpaka mitihani ikaisha, na aliona ni wema.

"Lini?"

"Ile wiki ya pili ulifika. Homa. Ni yeye alikataza, Rachidi. Alisema: musimuambie, ataacha masomo arudi. Alituapisha. Ni mapenzi yake..."

"Muongo," sauti ilisema ndani ya chandarua. "Bilali iko muongo. Niko hapa."

Yannick aliruka nyuma, akajigonga mlangoni. Kwenye simu Bilali alianza kupiga kelele, maana naye alikuwa ameisikia, na ilikuwa sauti ya mama ambaye yeye mwenyewe alimshusha kaburini kwa mikono yake.

Maalim hakusogea. "Sikia, mwanangu. Hii si mama yako. Kule kwenu walilia, wakamaliza. Hapa hakuna mutu alilia. Jini lilikuta kilio chako hakina mwenyewe, likaingia humo. Toa kilio. Sema iko wapi mama yako."

"Mutoto wangu," sauti ilisema, karibu sasa, laini. "Ulikula?"

Rachidi alishika pindo la buluu. Alijua akisema litaondoka, na alijua pia kwamba hakuna mwingine duniani atakayemuuliza swali hilo kwa sauti hiyo, si kesho, si siku atakayopata shahada, si siku atakayooa. Na harufu ya mawese ilipanda ikamjaa puani, na kinu kikaanza kutwanga, haraka, bila kupumzika, kikitikisa kitanda na meza na vitabu, na kiganja baridi kikamfunika mdomo, naye akasema kupitia kiganja hicho, neno kwa neno:

"Mama yangu alikufa. Mama Feza alikufa, iko kaburini Kasongo. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

"Unanizika, Rachidi?"

"Ndiyo, Mama," alisema, na hapo kilio kikamtoka.

Kinu kikanyamaza. Chandarua kikachomoka upande mmoja, kikaning'inia.

Mama Clémence alijifunga kitenge kiunoni, akakaa chini kwenye saruji, akaanza kuomboleza kwa lugha ya kwao, akimlilia mwanamke ambaye hakuwahi kumwona. Majirani waliingia mmoja mmoja kuuliza nani amekufa. Yannick alikwenda kukopa viti na turubai. "Ni mama ya Maniema," aliwaambia watu. "Mama yetu." Walikaa naye mpaka kulipokucha, na Maalim akasoma dua, na mtu fulani akamshika Rachidi bega.

Matanga yalipoondolewa, alilala tena kitandani kwake. Hakukichomeka chandarua. Alikiacha wazi kwa makusudi, akajilaza, akasubiri.

Aliamka jua limeshapanda. Mikono yote ilikuwa imeumwa na mbu. Pindo la buluu lilikuwa linaning'inia palepale alipoliacha, na hakuna mkono uliokuwa umeligusa.

Rachidi alilishika, akalileta puani. Lilinuka sabuni na vumbi. Akalia upya, kisha akainuka, akakichomeka mwenyewe, pande zote nne, kutoka nje.