Mistari Themanini na Minne

Basi la Mbeya lilisimama Ilula dakika tano, na dakika tano za Ilula ni vita. Abiria waliruka chini, wauza nyanya wakawazunguka. Verediana, gauni lake la kitenge limebana vizuri kiunoni, akakamata ndoo ya nyanya zilizoiva hasa. Mkono mwingine ukaikamata ndoo ileile.

"Dada, hii nimeshaichagua."

"Kwa macho? Mimi nimeishika."

Kijana akacheka. Alikuwa mrefu, shati jeupe limenyooka utadhani hajakaa kwenye basi tangu alfajiri. "Basi tugawane. Naitwa Lusekelo, mtu wa kompyuta, nakaa Iyunga, Mbeya."

Verediana aliposhuka Iringa kwenda kwao Kihesa, walikuwa wameshabadilishana namba. Simu zikawa asubuhi, mchana na jioni.

"Kamwene, mrembo wa Kihesa!"

"Kihehe chako kinanuka ndizi za Kinyakyusa."

"Si unifundishe, mpenzi?"

Moyo wa binti ukayeyuka. Yeye alikuwa karani wa mradi wa chanjo ya ng'ombe wa Usangu, na Lusekelo akajitolea kuwatumia wafugaji ujumbe wa simu kuwaambia siku ya chanjo. Alitaka orodha tu, tena CSV.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Maandishi matupu, Vere. Mfugaji mmoja, mstari mmoja: jina, koma, kijiji, koma, simu. Faili lake halina maringo. Linafunguka kwenye kompyuta yoyote, hata ya miaka ishirini ijayo."

Verediana alikuwa na jedwali lililopambwa. Jumatatu nzima wafugaji themanini na wanne walimpigia, naye akapaka kijani waliochanja na nyekundu ambao bado. Jioni, bila kuhifadhi zile rangi, akaligeuza kuwa CSV. Kompyuta ikamwonya, akabonyeza ndiyo, akamtumia Lusekelo. Alipolifungua, rangi zote zilikuwa zimekwenda. Dawa iliyobaki ilitosha mazizi thelathini tu, na Ijumaa ndiyo siku yake ya mwisho kutumika. Sasa nani ajue waende zizi gani?

"Umeniharibia kazi!" alimfokea Lusekelo kwenye simu.

"Vere, rangi ni mapambo. Ungeweka safu moja ya ndiyo au hapana..."

"Mapambo?" Akakata.

Kesho yake hasira zikapoa, akapiga. Namba inatumika. Saa sita, inatumika. Jioni, inatumika. Jumatano hivyohivyo, kutwa nzima. Wivu ukampanda. Anaongea na nani huyo mpaka siku inaisha? Akalia, akafuta machozi, akajiapiza kumsahau.

Alhamisi asubuhi akapigiwa simu na Helena, daktari wa mifugo aliyekuwa tayari Usangu.

"Verediana, hongereni! Faili limefunguka hadi kwenye simu yangu hii ya zamani. Mistari themanini na minne, kila mmoja una ndiyo au hapana mwishoni. Hapana ni ishirini na tisa. Dawa inatosha."

"Nani kakutumia?"

"Mwenzako wa Mbeya. Anasema amewapigia wote, mmoja mmoja."

Verediana akakaa chini. Akalifungua lile faili, akalisoma mstari kwa mstari. Halikuwa na rangi wala mapambo, koma tu, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Hajawahi kuona kazi nzuri kama ile. Akampenda aliyeifanya kuliko jana, kuliko siku zote.

Jumamosi alishuka Iyunga. Lusekelo alimpokea barabarani, amevaa sweta, sauti imekauka.

"Sauti imeenda wapi?"

"Imebaki Usangu. Bibi Mbuke peke yake alinishika nusu saa, ananitajia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina."

"Nilidhani unaongea na mwanamke."

"Nimeongea na wanawake ishirini, Vere. Na wanaume sitini na wanne."

Alicheka huku machozi yanamtoka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinikatia simu. Nikaona nikurudishie kwanza kilichopotea."

"Nilikipoteza mwenyewe, mpenzi. Nisamehe." Akamshika mkono mbele ya watu, hajali. "Una mjomba anayejua kuongea?"

"Wa nini?"

"Mtume Kihesa awe mshenga. Jumapili ijayo, baada ya misa. Baba yangu hapendi kusubiri, na mimi ndiyo kabisa."

Lusekelo akafungua mdomo kujibu, sauti ikagoma. Akaitikia kwa kichwa, mara tatu.